Alama Unayojipa Mwenyewe

Mtumishi wa umma yeyote aliyekuwa kazini Tanzania katika miaka ishirini iliyopita anaijua fomu ya OPRAS. Kwa Kiswahili iliitwa Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ikafupishwa MWAMTUKA, lakini maofisini jina lililoshika ni OPRAS. Ilianza mwaka 2004. Katikati ya kurasa zake palikuwa na jedwali lenye safu tatu za alama: alama ambayo mtumishi anajipa mwenyewe, alama anayopewa na msimamizi wake, na alama waliyokubaliana wakiwa wameketi pamoja. Alama 1 ilikuwa ya utendaji bora kabisa, 5 ya utendaji mbaya sana. Malengo yaliandikwa Julai, mwaka wa fedha unapoanza, yakapitiwa Desemba, na hesabu ikafungwa Juni.

Sura hii inahusu ile safu ya kwanza.

Kabla ya OPRAS, taarifa ya mwaka ya mtumishi ilikuwa siri. Mkuu wake aliiandika na kuipeleka juu, na aliyeandikwa hakujua kilichosemwa. Alibaki kukisia kwa kuangalia nani kapanda cheo na nani karukwa. Kumpa mtu kalamu ajipime mbele ya bosi wake lilikuwa badiliko kubwa, na waliolibuni wanastahili heshima. Lakini katika ofisi nyingi fomu zilijazwa Juni, malengo na matokeo kwa siku moja. Malengo yalinakiliwa kutoka kwa mwenzako wa meza ya pili. Safu ya kwanza ikawa kama bei ya kuanzia sokoni: mtumishi anajipa 1, anajua mkuu atataja 3, wanakutana kwenye 2 na kila mmoja anarudi kazini. Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 serikali imehamia PEPMIS, mfumo wa kompyuta ambamo mtumishi huingiza majukumu yake na msimamizi wake huyathibitisha. Kenya nako walimu wana mfumo wao wa tathmini, TPAD, tangu 2016. Mashirika binafsi yana fomu zao, na mabenki yana tageti zao.

Sina ugomvi na mifumo hiyo. Mwajiri ana haki ya kuuliza: mwaka huu ofisi imepata nini kwako? Tatizo linaanza pale mfanyakazi anapodhani kwamba akishalijibu swali la mwajiri amelijibu na la kwake. Lake ni tofauti, na hakuna mfumo utakaomuuliza: leo unaweza kufanya nini ambacho mwaka jana siku kama hii hukukiweza? Mtu anaweza kupata alama nzuri miaka kumi mfululizo kwa kulifanya vizuri jambo lilelile alilolijua tangu mwaka wa kwanza. Ofisi itamshukuru. Siku kitengo kikifutwa, au mashine ikinunuliwa, au yeye akihamishwa, ndipo atakapotafuta cha kupeleka kwingine akakuta ni kilekile alichoajiriwa nacho.

Wengi tukiulizwa lengo letu la kazi hutaja cheo au mshahara. Kupanda daraja. Kuwa mkuu wa kitengo. Ni matamanio halali kabisa, maana kodi ya nyumba na ada za watoto zinataka fedha. Ila yakifanywa lengo la mwaka yana kasoro moja kubwa, na watumishi wa Tanzania waliionja kwa uchungu. Juni 2016 serikali ilisimamisha upandishaji wa vyeo na nyongeza za mishahara ili kuhakiki watumishi hewa. Aprili 2017 ikafuata taarifa ya uhakiki wa vyeti, yenye watumishi 9,932 waliotajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Walio na vyeti halali nao walisubiri. Nyongeza ya mwaka, ile ambayo zamani mtumishi aliihesabu kama haki yake ya kila Julai, ilisubiriwa hadi Mei Mosi 2023, pale Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza mjini Morogoro kuwa inarudishwa. Katika kurekebisha madaraja yaliyokwama, maofisini likaingia neno mserereko, yaani kupandishwa kwa kufidia miaka iliyopotea, na watu wakaanza kuulizana kama wamo au hawamo.

Sasa wafikirie walimu wawili wa shule moja ya msingi ambao Januari 2016 waliketi kupanga mwaka wao. Wa kwanza aliandika: nipande daraja. Wa pili, anayefundisha Darasa la Kwanza lenye watoto tisini, aliandika: kufikia Novemba, watoto wasiozidi kumi wawe bado hawawezi kusoma sentensi fupi, na niwe nimejifunza njia ya kuwafundisha hao wanaobaki nyuma. Mwaka ulipoisha hakuna aliyepanda. Wa kwanza hakuwa na la kujipima nalo. Alikuwa amelikabidhi lengo lake kwa watu wa Dodoma na Dar es Salaam wasiomjua, na walipofunga mlango alibaki na hasira tu, hasira ya haki lakini isiyomfundisha kazi. Wa pili alikasirika vilevile, mshahara wake ulikuwa umesimama palepale. Lakini alikuwa na daftari linaloonyesha ni watoto wangapi walisoma mwezi Machi, wangapi Julai, wangapi Novemba, na alijua jambo kuhusu stadi za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ambalo Januari hakulijua. Miaka ilipopita na shule zikaanza kuunda jumuiya za kujifunza chini ya MEWAKA, mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, ni yeye aliyekuwa na cha kuwaonyesha wenzake.

Wala jambo hili la vyeo kufungwa halikuanza 2016. Kwa jalada lake la utumishi, mshairi Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Aliingia Idara ya Forodha mwaka 1926, akapita idara ya wanyamapori na ofisi ya wilaya Tanga, akamalizia upimaji wa ardhi. Utumishi ule haukuwa na ngazi ya kumfikisha Mwafrika juu, hata awe na kipaji gani. Ukiipima miaka yake kwa vyeo, mistari michache inatosha. Ukiipima kwa kile alichozidi kukiweza katika lugha, utahitaji kitabu, na yeye mwenyewe alikiandika: Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ni kazi ya mtu aliyekaa chini akajihesabu.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza ni hili: lengo la mwaka liandike kama uwezo. Cheo kiandike pembeni kama tumaini, kwa herufi ndogo ukitaka, lakini usijipime nacho.

Kuandika uwezo ni kugumu kuliko inavyodhaniwa. "Kuwa muuguzi bora" ni sentensi isiyo na mkono wa kuishika. Muuguzi wa kituo cha afya anayejua kazi yake anaweza kuandika: kufikia Desemba niwe napata mshipa wa mtoto mchanga mwenyewe, bila kumwita mwenzangu wa zamu. Fundi umeme wa mtaani aliyezoea nyumba za chumba na sebule anaandika: nijue kufunga umeme wa njia tatu kwenye mashine ya kusaga, nisimamiwe mara ya kwanza, ya pili nifanye peke yangu. Kama hakupita chuoni, anaongeza mstari wa pili: niende VETA nipimwe kwenye urasimishaji wa ujuzi, nipate cheti cha kile ninachokijua tayari, kwa sababu bila cheti hakuna safari ya kuelekea leseni ya EWURA. Mhasibu wa halmashauri anaandika: hesabu za mwaka huu nizifunge mwenyewe, na hoja za ukaguzi zikija nizijibu bila kumtafuta mtu aliyekwisha kustaafu. Kila moja ya sentensi hizi ina kitendo, ina mahali, na ina mtu anayeweza kushuhudia kama imetimia au haijatimia. Hiyo ndiyo sehemu inayopotea kwenye fomu nyingi, ambamo watu huandika kuimarisha, kuboresha na kushiriki kikamilifu. Vitenzi vya namna hiyo havishindwi kamwe, na kwa sababu hiyo havimwambii mtu lolote.

Malengo mangapi? Mawili, pengine matatu. Mwenye kazi ya kutwa, familia na usafiri wa saa mbili kwenda na kurudi hana nafasi ya malengo kumi, na anayeandika kumi huwa anaandika kwa ajili ya msomaji mwingine.

Kuhusu nguvu ya malengo, watafiti wamethibitisha mengi. Edwin Locke, na baadaye yeye pamoja na Gary Latham, walionyesha kwamba lengo mahususi na gumu humfikisha mtu mbali kuliko kuambiwa ajitahidi kadiri awezavyo. Kisa kimoja kilichochapishwa mwaka 1975 kinahusu madereva wa malori ya magogo kule Oklahoma, Marekani. Walikuwa wakipakia takriban asilimia 60 ya uzito unaoruhusiwa kisheria, kwa hiyo safari zilikuwa nyingi kuliko inavyohitajika. Wakawekewa lengo la asilimia 94, bila fedha ya ziada, na kwa ahadi kwamba atakayeshindwa haadhibiwi. Mwezi wa kwanza walipanda hadi kama 80. Mwezi wa pili wakashuka hadi 70. Baadaye ikaja kufahamika kwamba mwezi huo walikuwa wanajaribu kama ile ahadi ya kutoadhibiwa ni ya kweli. Walipoona ni ya kweli, wakapanda kupita 90.

Ninaupenda ule mwezi wa pili. Unasema wazi kitu ambacho vitabu vya mafanikio hukiruka: lengo hufanya kazi yake pale mtu anapokuwa na uhakika kwamba kushindwa hakutamwangamiza. Katika ofisi ambayo lengo lililokosekana huwa silaha siku ya kupunguza watu, hakuna mwenye akili atakayejiwekea lengo gumu. Ndiyo maana nashikilia kwamba kurasa hizi za mtu binafsi ziwe zake, zikae nyumbani, na zisichanganywe na fomu ya mwajiri.

Kuna upande wa pili wa ugunduzi huo. Ruth Kanfer na Phillip Ackerman walichapisha mwaka 1989 majaribio na wanafunzi wa jeshi la anga la Marekani waliokuwa wakijifunza kazi ya kuongoza ndege kwa mazoezi ya kompyuta. Waliopewa lengo gumu la matokeo mapema, kabla hawajaielewa kazi, walifanya vibaya zaidi. Akili iliyohitajika kujifunza ilitumika kuhofia alama. Mtu aliyehamia kazi mpya asijiwekee lengo la idadi mwaka wa kwanza. Ajiwekee lengo la kuelewa: nijue njia tatu za kufanya jambo hili na nijue kila moja inafaa wapi. Idadi zitakuja mwaka wa pili. Afisa mauzo mpya anayepewa tageti siku ya kuripoti ana mwajiri mwenye haraka, lakini daftari lake mwenyewe halilazimiki kuwa na haraka hiyo.

Na tageti zenyewe zinaweza kuipotosha kazi nzima. Benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwabana wafanyakazi wake wamuuzie kila mteja huduma nyingi kadiri iwezekanavyo. Septemba 2016 ilitozwa dola milioni 185 baada ya kubainika kwamba akaunti zinazokadiriwa kufika milioni 2 huenda zilifunguliwa bila wateja kuomba. Maelfu ya wafanyakazi walifukuzwa. Kwa kipimo cha tageti, akaunti hizo zilikuwa mafanikio. Ningependa kila kijana anayeanza kazi ya mikopo au bima akijue kisa hiki, na kwenye ukurasa wake wa mwaka aweke mstari mmoja unaouliza: nilichokifikisha mwaka huu, nilikifikisha kwa njia ambayo ningeweza kumweleza mteja mwenyewe?

Hapo hapo nikanushe simulizi moja inayopendwa na wazungumzaji wa semina. Inasema kwamba mwaka 1953 wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale waliulizwa nani ameandika malengo, wakapatikana asilimia 3, na miaka ishirini baadaye hao asilimia 3 walikuwa na mali kuwapita wengine wote wakiwekwa pamoja. Utafiti huo haukuwahi kufanyika. Jarida la Fast Company liliufuatilia mwaka 1996, na hakupatikana mtu aliyewahi kuufanya. Kuandika malengo kuna faida, lakini faida hiyo haihitaji kuungwa mkono na uongo, na kijana anayeahidiwa utajiri kwa kuandika sentensi kwenye karatasi anadanganywa mchana kweupe.

Faida halisi ninaijua kwa njia ya Peter Drucker, Mwaustria aliyehamia Marekani na kuandika vitabu vya uongozi wa kazi hadi alipofariki mwaka 2005 akiwa na miaka 95. Akiwa kijana mwandishi wa gazeti mjini Frankfurt, mhariri wake mkuu alikuwa akiwakalisha waandishi mara mbili kwa mwaka kuijadili kazi ya miezi sita: nini wamefanya vizuri, wapi walijitahidi, wapi walizembea, na sasa wajifunze nini. Drucker aliichukua desturi hiyo, na kwa miaka mingi akawa anatenga wiki mbili kila kiangazi kuipitia kazi yake. Mwaka 1999, katika makala yake kuhusu mtu kujiongoza mwenyewe, alieleza njia ambayo naiona bora kuliko zote: kila unapoamua jambo zito la kazi, andika unatarajia nini kitatokea. Baada ya miezi tisa au kumi na miwili, rudi ulinganishe.

Ni njia rahisi inayouma. Bila maandishi, kumbukumbu hutupendelea. Mtu hujisahihisha bila kujua na kusema "nilijua tangu mwanzo". Maandishi hayambembelezi. Umeandika Februari kwamba kozi ya wikendi itakusaidia kuandaa bajeti ya mradi. Novemba bajeti bado anaiandaa mwenzako. Basi kozi hiyo, pamoja na cheti chake kizuri, haikukupa ulichokifuata, na mwaka ujao fedha na wikendi zako ziende mahali pengine. Baada ya miaka miwili au mitatu ya kulinganisha hivi mtu huanza kuona mwenendo wake. Kuna anayekuta kila mradi uliomtegemea yeye peke yake ulifika, na kila uliotegemea kamati ulikwama. Kuna anayekuta kinyume chake. Hakuna msimamizi anayeweza kukuambia hilo, kwa sababu hakuwepo ulipokuwa unatarajia.

Daftari, basi. Mkimbiaji Eliud Kipchoge anajulikana kwa kuandika mazoezi yake kwenye madaftari, mwaka baada ya mwaka, chini ya kocha wake Patrick Sang. Watu humkumbuka kwa Vienna mwaka 2019, alipokimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40. Mimi humkumbuka zaidi kwa mwaka 2012. Alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 akiwa na miaka 18, mjini Paris mwaka 2003. Alikuwa na shaba ya Olimpiki ya Athens na fedha ya Beijing. Mwaka 2012 akakosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya kwenda London. Kwa mtu wa hadhi yake ingekuwa rahisi kutafuta wa kumlaumu au kurudia mazoezi yaleyale kwa nguvu zaidi. Mwaka uliofuata alikuwa Hamburg, akashinda marathoni yake ya kwanza kwa 2:05:30. Alibaki mkimbiaji, akabadilisha mbio. Tathmini ya kweli ya mwaka hufika mahali kama hapo: inauliza kama juhudi zako ziko kwenye umbali unaokufaa.

Lakini mtu peke yake na daftari lake hatoshi. Mwaka 1999, uleule wa makala ya Drucker, David Dunning na Justin Kruger wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha matokeo ya mitihani ya mantiki, sarufi na ucheshi. Kundi la chini kabisa, ambalo kwa wastani liliwazidi watu 12 tu katika kila 100, lilijiona limewazidi 62. Na waliofanya vizuri zaidi walijishusha kuliko ilivyostahili. Maarifa yanayohitajika kuifanya kazi vizuri ndiyo yaleyale yanayohitajika kujua kwamba unaifanya vibaya, na anayeyakosa hukosa yote mawili. Kwa hiyo safu ya kwanza inahitaji mashahidi.

Hapa kwetu, kuwapata ni kazi. Kumwambia mtu upungufu wake usoni ni kumvunjia heshima, na akiwa mkubwa wako ndiyo kabisa. Ukimuuliza mwenzako "unanionaje kazini?" atakujibu "uko vizuri, dada", na hatakuwa amekudanganya, amekutendea adabu. Usimuulize kuhusu wewe. Muulize kuhusu kazi. Swali ninalolipendekeza ni hili: kama kesho hupo, ni kazi gani ungeniachia bila wasiwasi, na ipi usingeniachia? Anayejibu hana haja ya kukutukana, anagawa zamu tu.

Mchukue muuguzi wetu wa kituo cha afya. Anamfuata mkunga mzoefu anayekaribia kustaafu, wakati wa chai, wodi ikiwa imetulia.

"Shikamoo mama. Ukienda likizo, usiku wa wodi ya wazazi ungeniachia mimi?"

"Marahaba mwanangu. Uzazi wa kawaida, nitalala usingizi. Akija mama mwenye kifafa cha mimba, hapana. Sijakuona bado."

Mazungumzo ya nusu dakika, na lengo la mwaka ujao limepatikana, lenye jina na sababu. Hakulipata kwenye tangazo la kozi wala kwenye mapendekezo ya jumla ya fomu. Zaidi ya hayo amepata mwalimu, kwa kuwa mama yule, kwa kusema "sijakuona bado", ameacha mlango wa kumwonyesha.

Waulize watu watatu wa nafasi tofauti: anayekuzidi ujuzi, wa rika lako, na yule anayeipokea kazi yako ikishatoka mikononi mwako. Huyu wa tatu husahaulika, naye ndiye anayejua mengi. Mtu wa masjala anajua ni majalada ya nani yanafika yakiwa kamili. Mpaka rangi anajua ni fundi gani anapiga lipu iliyonyooka. Mwalimu wa Darasa la Nne anajua watoto wa mwalimu gani wanafika wakisoma. Na anayekuzidi umri lakini cheo chako kiko juu yake, mwendee kwa heshima ya umri na umuulize mkiwa wawili. Mbele za watu atakulinda na hutapata kitu.

Pamoja na maneno ya watu, kusanya vitu. Ripoti zako zinarudishwa mara ngapi zikiwa na wino mwekundu, kulinganisha na mwaka jana? Kazi iliyokuchukua wiki sasa inakuchukua siku ngapi? Nani anakuja kukuuliza, na anakuuliza nini? Hiki cha mwisho ni kipimo cha uhakika sana. Watu hawapotezi muda kumuuliza asiyejua.

Siku ya kufanya yote haya si lazima iwe tarehe 1 Januari, wakati mifuko imetoboka na akili iko kwenye ada. Kila kazi ina utulivu wake. Mwalimu anao mwanzoni mwa Desemba shule zikifungwa. Mtumishi wa ofisi ya serikali anao kati ya Julai na Agosti, presha ya kufunga mwaka wa fedha ikishapita. Mfanyakazi wa hoteli Zanzibar anao wakati wa masika, Aprili na Mei, wageni wanapopungua na baadhi ya hoteli zikifunga kwa ukarabati. Tenga nusu siku, siku hiyohiyo kila mwaka.

Kuna miaka ambayo ukurasa utaonekana mtupu, na nataka kuizungumzia kwa makini kwa sababu inawaumiza watu wema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku hizo zikiisha, usiku wa kuamka hauishi. Mwingine mwaka wake wote umekwenda katika hospitali ya Muhimbili akimuuguza mzazi. Mwingine ameugua yeye. Ukiulinganisha mwaka wa namna hiyo na mwaka wa mwenzako, au na mwaka wako wa kabla ya hapo, unajionea bure. Juu ya ukurasa andika kwanza mwaka ulikuwa na nini: mtoto, msiba, uhamisho, ugonjwa. Halafu uulize maswali mawili tu. Kipi nimekishikilia? Kipi kimepungua? La pili ni muhimu na lisikwepwe kwa kujihurumia, kwa sababu ujuzi uliokaa bila kutumika hupungua kweli: mkono unasahau, miongozo inabadilika, leseni inakaribia kuisha muda. Kilichopungua kikiandikwa kwa jina lake kinaweza kurudishwa ndani ya miezi michache. Kisipoandikwa hugeuka hofu isiyo na umbo, na nimewaona kina mama hodari wakikataa nafasi walizozistahili kwa sababu ya hofu hiyo tu. Lengo la mwaka unaofuata liwe moja, la kurudisha.

Halafu ipo hali nyingine, ambayo kwa nje inafanana na hiyo lakini ni tofauti kabisa. Umekuwa mzima, mwaka umekuwa wa kawaida, umefanya kazi kwa bidii, na kurasa za miaka mitatu zikiwekwa pamoja zinasema kitu kilekile. Malengo yanahamishwa kutoka mwaka hadi mwaka. Mashahidi watatu wanakutajia kazi zilezile ambazo wangekuachia. Hapa kujitahidi zaidi si jibu, maana juhudi haikuwahi kukosekana. Ama mahali ulipo hapana cha kukufundisha tena, ama hapana mtu wa kukufundisha, ama kazi yenyewe siyo yako. Kila sababu ina dawa yake. Ya kwanza inataka uhamisho, kwenda kituo chenye wagonjwa wa aina nyingine au ofisi yenye miradi ya aina nyingine. Ya pili mara nyingi inataka shule, na asiyeweza kuacha kazi ana Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa namna yake hasa. Ya tatu ndiyo nzito: kuomba kubadilishiwa kada, au kuondoka.

Usiamue la tatu kwa mwaka mmoja, wala kwa hasira ya alama aliyokupa mkuu wako. Liamue kwa kurasa tatu. Na kama unayoyataka yanamtegemea mwajiri, yaani ruhusa ya masomo, ada au uhamisho, yapeleke kwa afisa utumishi pamoja na maelezo ya kile utakachoweza kukifanyia ofisi ukirudi. Yapeleke kabla ya Machi, mipango ya mafunzo na bajeti ya mwaka unaofuata ikiwa bado inaandikwa, kwa sababu Julai utakapokuja fedha zitakuwa zimekwisha kupangiwa majina ya watu wengine.